Kabla hujaandika kwamba seli zako hazina Tn

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi. Unasema seli zako za saratani zimeng'aa kidogo mno kwa lektini ya VVA (protini inayoshika sukari, iliyotiwa rangi ing'aayo), na sasa unataka kuandika kwamba hazina alama ya sukari iitwayo Tn. Nakuomba usubiri kwanza.

Tn ni sukari moja tu ya GalNAc (N-asetilgalaktosamini) iliyoshikamana na serini au threonini ya protini. Kwenye seli yenye afya haikai hivyo kwa muda mrefu, kwa kuwa kimeng'enya cha T-sinthasi huiongezea sukari ya galaktosi. T-sinthasi nayo haijikunji sawasawa bila msaidizi wake, protini ya Cosmc. Jeni ya Cosmc iko kwenye kromosomu X, kwa hiyo nakala moja inayofanya kazi ikiharibika, mnyororo wa sukari unakwama hapo hapo kwenye Tn. Tatizo ni kwamba saratani nyingi huifunika GalNAc hiyo kwa asidi ya siali, sukari nyingine, na VVA ikakosa pa kushika ilhali sukari ipo.

Gawa seli mafungu mawili, moja ulitie sialidasi, kimeng'enya kinachoiondoa asidi ya siali, kwa saa moja kwenye nyuzi 37, kisha upime yote mawili. Angalia sana kimeng'enya unachonunua: kuna sialidasi zinazokata kiungo cha alfa-2,3 tu, na kifuniko cha Tn ni alfa-2,6. Ile ya Vibrio cholerae hukata vyote viwili, ila inataka kalsiamu.

Ndiyo maana EDTA uliyotumia kubandua seli kwenye chombo, kemikali inayokamata kalsiamu, inanitia wasiwasi. Umefanya vyema kuacha tripsini, maana hunyoa protini za utando pamoja na sukari zake, lakini EDTA ikibaki itainyang'anya sialidasi kalsiamu, na hata VVA inaweza kudhoofika. Suuza mara tatu kwa bafa yenye kalsiamu milimola 1. Seramu nayo itoke yote, kwani glikoprotini zake huishika lektini kabla haijafika kwenye seli.

VVA mikrogramu 10 kwa mililita, dakika 30 juu ya barafu, inatosha. Kukiwa na joto seli huimeza. Seli zilizokufa zitenge kwa rangi ya propidiamu. Utando wao unavuja, na ndani, kwenye Golgi (sehemu ya seli inayounganisha sukari), Tn changa ipo hata katika seli zenye afya.

Weka pia fungu ambalo VVA yake imechanganywa kwanza na GalNAc mola 0.2: mng'ao usipozimika hapo, hauaminiki. Seli za Jurkat, za saratani ya damu, zitakufaa kama kielelezo chenye Tn, kwa sababu Cosmc yao imeharibika. Mwisho thibitisha kwa kingamwili ya Tn, kwani VVA hushika hata GalNAc za minyororo mingine.

Nitumie michoro ya kabla na baada ya sialidasi, hata ikiwa imetoka vibaya.

Rafiki yako,
Daudi