Wanangu wa wodini, msibishanie asilimia mkasahau miezi

Wanangu mnaofanya kazi wodini, maabara, mapokezi na dirisha la dawa, marahaba wote. Naona kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya kustaafu ya watumishi wa umma Tanzania, kimerudi midomoni na mnabishana mpaka usiku wa manane, wengine mnatukanana kabisa, nikasema wacha na mimi niseme maana nimekaa wodini miaka 36 na hili jambo limenipitia karibu sana.

Nilistaafu mwezi wa 3, 2022. Rafiki yangu ambaye tulimaliza chuo pamoja tukaajiriwa wiki moja, yeye alitimiza 60 mwezi wa 9 mwaka huohuo. Miezi 6 tu. Hapo katikati, Julai, kikokotoo kipya kikaanza, mimi nimeshapata mkupuo (hela ya mara moja unayopewa ukistaafu) wa 50% ya pensheni, yeye akaangukia 33%. Alikuja kwangu na bahasha ya kaki, juu yake kapiga hesabu kwa peni nyekundu, kakata, kaandika tena, kakata tena. Nyumba yake ilikuwa imeishia kwenye lenta. Tulikaa barazani hatuongei mpaka chai ikapoa.

Chukueni mtu mwenye wastani wa mshahara wa 1,000,000 na miezi 360 kazini. Zamani walikuwa wanachukua mshahara wa mwaka, milioni 12, mara miezi 360, wanagawanya kwa 540, halafu 50% yake inazidishwa mara 15.5, anaondoka na mkupuo wa milioni 62. Ya 2022 ni kugawanya kwa 580, mara 12.5, kwa ile 33% anapata kama milioni 30.7. Bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40% kwa kundi lililokuwa kwenye 50, ikawa milioni 37 na kidogo. Pensheni ya mwezi nayo imepanda, kutoka kama 333,000 kwenda 372,000, na hilo tuliseme tu maana ni kweli. Na mifuko ya pensheni ilikuwa na shida kweli, sio porojo: mpaka 1999 watumishi wa serikali kuu hawakuwa wanachangia, mfuko ukaanza kulipa watu kwa miaka ambayo haikuingizwa hata senti, na deni lile serikali ilikuja kulipunguza 2021 kwa hatifungani (hati ya deni la serikali) ya shilingi trilioni 2.17. Kwahiyo mtu akiwaambia mfuko umeelemewa, mkumbusheni mzigo ulitoka wapi.

Sasa sikilizeni, hapa ndo nilipotaka kufika. Nyie mnaangalia asilimia tu, 33 au 40 au 50, lakini asilimia inakata kitu ambacho kimeshapikwa miaka 30 nyuma yake. Kinapikwa na miezi uliyochangiwa na wastani wa mishahara yako bora ya miaka mitatu ndani ya kumi ya mwisho. Ukicheleweshewa kupandishwa daraja la mshahara mpaka ukapanda mwaka wa mwisho kabla hujastaafu, ule mshahara mpya unaingia mwaka mmoja tu kati ya mitatu. Madaraja yaliposimama 2016 kwa ajili ya uhakiki wa watumishi watu waliona ni hasara ya mshahara wa mwezi ule, kumbe inakufuata mpaka kaburini. Na miezi: mimi nilipohama halmashauri moja kwenda nyingine michango ya miezi 7 haikupelekwa, nimekuja kugundua miaka 11 baadaye, nimezunguka kwa maafisa utumishi na slipu zangu kwenye mfuko wa rambo mpaka viatu vimeisha soli. Kama nisingekuwa na zile slipu ningeambiwa sikuwepo kazini.

Halafu lile neno linalosemwa kwamba mkiongezewa mafao dawa zitapungua, msilikubali na msilijibu kwa hasira. Mnajua wenyewe ilivyo, mgonjwa analetwa usiku, ndugu wanaandikiwa kikaratasi wakanunue dripu na glavu duka la nje, wakirudi wanakuta nesi mmoja na vitanda 40, wanamtukana huyo nesi. Yule ndugu sio adui yako, ana njaa ileile uliyonayo wewe. Abuja 2001 viongozi wa Afrika waliahidi 15% ya bajeti iende afya na sisi hatujafika huko, basi TUGHE, chama chenu cha wafanyakazi wa serikali na afya, wakienda kuongea na serikali waende na dawa na mafao kwenye karatasi moja, wananchi watawaelewa.

Na msiwasahau wanaojitolea, vijana wanapiga zamu za usiku kwa posho, hakuna mtu anawachangia chochote. Wale wa mikataba ya miradi mliwaona Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada, mtu katoka kazini asubuhi jioni hana kazi. Wakija kwenye vikao vyenu wapeni kiti.

Leo ukitoka zamu, kabla hujalala, ingia PSSSF Kiganjani, ile programu ya simu ya mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, uhesabu miezi yako mmojammoja, na slipu za zamani zipige picha umtumie na mwenzio azitunze. Mkikuta pengo andikeni barua, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.

Mama yenu, muuguzi mstaafu.