Hamisi, kabla hamjaigusa dashibodi

Mwanza, Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na wa nyumbani wote hawajambo. Huku sote salama, mvua tu ndiyo imetukalia. Shangazi bado anaulizia zile picha za harusi. Nimemwambia zinakuja, basi usiniangushe.

Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusoma mara mbili. Hongereni kwa kupewa miezi mitatu ya kurekebisha mfumo wa maombi ya dawa wa vituo vya afya. Kilichonifanya nikae chini niandike ni pale uliposema kazi ya kwanza itakuwa dashibodi mpya: ramani ya rangi, nyekundu kwa vituo vilivyoishiwa, kijani kwa vyenye akiba. Nakuomba, kaka, hiyo isubiri mwezi wa mwisho wa hiyo mitatu. Anzeni na sifuri.

Unaijua hesabu ambayo mfumo unaipiga kujua kituo kimetumia dawa kiasi gani. Salio la kuanzia, jumlisha kilichopokelewa, toa upotevu, weka marekebisho, toa salio la mwisho. Kinachobaki kinaitwa matumizi. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila inakupa kiasi kilichotoka stoo, na mfumo unakisoma kama kiasi walichohitaji wagonjwa. Viwili hivyo vinalingana pale tu dawa ilipokuwepo siku zote.

Chukua mseto, dawa ya malaria, wa watu wazima, ule wa vidonge 24 kwa dozi, boksi la dozi 30. Zahanati imeanza kipindi cha siku 60 na dozi 240, ikapokea 120, ikamaliza na 0. Matumizi 360, sawa na 180 kwa mwezi. Kama kiwango cha juu cha akiba mlichoweka ni miezi minne, mfumo utapendekeza dozi 720, yaani maboksi 24. Sasa angalia kadi ya stoo: mseto uliisha siku ya 40. Dozi 360 zilitoka kwa siku 40, dozi 9 kwa siku. Kwa siku 60 watu walihitaji 540, wastani wa mwezi ni 270, na maombi sahihi ni dozi 1080, maboksi 36. Hayo maboksi 12 yaliyopungua ni ya wagonjwa waliofika wakaambiwa hakuna. Zile 720, kwa mwendo wa 9 kwa siku, zinakwisha siku ya 80, wakati wewe uliyekaa mbele ya skrini unaamini umewapa siku 120. Kipindi kijacho wataishiwa tena, matumizi yatasomeka madogo tena, nao watapewa kidogo tena. Kituo kinachoishiwa ndicho kinachopunjwa.

Utaniambia sehemu ya siku za kuishiwa imo kwenye fomu. Imo, ndiyo. Lakini fungua data uone ni wangapi waliojaza. Fomu nyingi nilizopitia zinaiacha wazi, na msimbo wa programu ukikuta pako wazi unaweka 0, maana yake dawa ilikuwepo siku zote. Hapo ndipo pa kuanzia. Kuna sifuri ya dawa iliyopo rafuni ambayo hakuna aliyeihitaji, mathalani dawa ya sumu ya nyoka kwenye zahanati ya mjini. Kuna sifuri ya dawa ambayo haikuwepo. Na kuna mahali ambapo mtu hakujaza kabisa. Kwenye hifadhidata yenu vyote vitatu vinakaa kama namba moja, na ukishavichanganya hakuna dashibodi itakayovitenganisha.

Dawa yake naiona hivi. Kwanza, ondoeni ile sifuri inayojijaza yenyewe. Pakiwa wazi pabaki wazi, na fomu isikubali kutumwa. Pili, msiulize "siku ngapi". Mhudumu wa zahanati anayejaza mistari mia na zaidi mwisho wa kipindi hawezi kuhesabu siku za kila dawa, atakisia. Ulizeni tarehe mbili: iliisha lini, ikapokelewa tena lini. Hizo zipo kwenye kadi ya stoo kwa kalamu, anazinakili tu, mashine ipige hesabu ya siku. Kituo chenye leja ya kielektroniki hakina hata haja ya kuulizwa, kwa sababu mfumo wenyewe unaona salio lilipogusa sifuri.

Tatu, na hapa wengi wanateleza, wekeni kizuizi. Ukizidisha matumizi kwa siku za kipindi na kugawa kwa siku dawa ilipokuwepo, dawa iliyokuwepo siku 5 tu kati ya 60 inazidishwa mara 12. Na siku hizo 5 ndizo ambazo kijiji kizima kimesikia dawa imefika. Dozi 90 zikitoka kwa fujo hiyo, mfumo utadai dozi 1080 kwa miezi miwili, na mfamasia wa halmashauri atazikata kwa hasira, kisha hataiamini namba yoyote itakayofuata. Kanuni rahisi inatosha: dawa ikiwa imekuwepo chini ya nusu ya kipindi, usitumie kipindi hicho, chukua wastani wa vipindi vya nyuma vilivyokuwa salama, na uandike kwenye mstari kwamba umefanya hivyo.

Bado kuna jambo linalonisumbua ambalo sijalipatia jibu kamili. Akiba ikipungua, wahudumu wanaanza kubana: anayestahili dozi ya mwezi anapewa ya wiki mbili. Kadi inaonyesha dawa ipo, siku za kuishiwa ni sifuri kweli, na matumizi yameshuka. Labda kisanduku kimoja cha "tulitoa pungufu" kwa kila dawa. Sijui kama watakijaza. Fikirieni.

Ukitoka kwenye sifuri, jambo la karibu yake ni safu nne: haja, ombi, idhini, kilicholetwa. Mifumo mingi inaandika juu ya ile ya mwanzo. Kituo kinahitaji maboksi 36, pesa iliyopo kwenye akaunti yake Bohari ya Dawa ya serikali inatosha 20, mtu anabadilisha 36 kuwa 20, na 36 inafutika. Mwisho wa mwaka makisio ya taifa yanapigwa kwa 20. Kila hatua iwe na namba yake, na aliyepunguza aseme kwa nini: pesa, akiba nyingi, au kosa la kujaza.

Halafu mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kuuzia vituo. Tangu utaratibu huo wa Jazia ulipoanza Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchi nzima 2018, kituo kinachokosa dawa Bohari kinaweza kununua kwa mshitiri wa mkoa. Jambo zuri sana. Lakini kama skrini ya mapokezi inaijua Bohari peke yake, dawa ya mshitiri haina pa kuingilia. Utaona kituo kilianza na 100, hakikupokea kitu, kikamaliza na 150. Matumizi hasi 50. Anayejaza akikataliwa na mfumo atapunguza salio la mwisho mpaka fomu ikubali, na hapo leja na rafu vinaachana. Wekeni chanzo kwenye kila mapokezi: Bohari, mshitiri, msaada, na kuazimana na kituo jirani. Kuazima kuwe na pande mbili, kwa aliyetoa na kwa aliyepokea, la sivyo dawa zile zile zitahesabiwa mara mbili.

Vipimo navyo. Daftari la bidhaa likisema parasetamo ni kopo la vidonge 1000, kisha muuzaji akabadilisha kuwa boksi la vidonge 100, msiibadilishe ile 1000 kuwa 100 kwenye mstari ule ule. Mkifanya hivyo historia yote inageuka: makopo 5 ya mwaka jana, yaliyokuwa vidonge 5000, yanasomeka vidonge 500. Fungueni ufungashaji mpya wenye tarehe ya kuanza, na salio lihifadhiwe kwa kidonge siku zote. Kopo na boksi viwe vya kuonyesha kwenye skrini na kuagizia tu.

Kuhusu skana ulizotaja, nitasema mawili tu. Ile alama ya mraba ya GS1, kiwango cha kimataifa cha kutambulisha bidhaa, inabeba namba ya bidhaa ya tarakimu 14 baada ya 01, tarehe ya mwisho wa matumizi baada ya 17, namba ya bechi, yaani ya kundi lililotengenezwa pamoja, baada ya 10. Bechi haina urefu maalumu, inaweza kufika herufi 20, kwa hiyo kama kuna kitu nyuma yake inafungwa na herufi isiyoonekana. Skana iliyopangwa kama kibodi mara nyingi inaimeza herufi hiyo, na bechi inabeba namba ya mfululizo inayofuata. Utakuta kila boksi lina bechi yake. Mfanye jaribio kwa boksi lenye namba ya mfululizo nyuma ya bechi, msitumie lile rahisi. La pili: tarehe inayosomeka 270600 si kosa. Siku 00 ni mwisho wa mwezi, yaani 30 Juni 2027. Msimbo ukiikataa, mtunza stoo ataandika tarehe yoyote ipite, na ule utaratibu wa kutoa kwanza kinachokaribia kuisha muda utaanza kuchagua boksi lisilo lake.

Mtandao sitauongelea sana, unaujua kuliko mimi. Ila fomu ipewe namba yake ya kipekee kwenye kifaa kabla ya kutumwa. Mtandao ukikatika katikati, mtu anabonyeza tena, na seva isiyotambua kwamba ni fomu ile ile inaagiza mara mbili.

Narudi kwenye sifuri, univumilie. Kabla hamjaandika mstari wa msimbo, chukueni vituo kumi na vipindi sita vya nyuma. Chagueni dawa tano tu: mseto, amoksilini, oksitosini, vipimo vya haraka vya malaria, ORS. Mtu aende na simu akapige picha kadi za stoo. Pigeni hesabu mara mbili, kwa fomu ilivyotumwa na kwa tarehe za kwenye kadi, mzipange pembeni kwa pembeni. Pelekeni karatasi hiyo kwenye kikao. Nadhani baada ya hapo hakuna atakayeulizia rangi za ramani.

Sasa nijibu haya. eLMIS, huo mfumo wenu wa maombi, kama ile ya Zambia, ilijengwa juu ya programu huria ya OpenLMIS; je, nyinyi mnagusa msimbo wa zamani au mnahamia toleo la 3, lile la 2017 lililogawanywa kwa huduma ndogondogo? Nani ana mamlaka juu ya daftari la bidhaa, na anaweza kufungua ufungashaji mpya bila kuwaita nyinyi? Kiungo cha GoTHOMIS, ule mfumo wa kompyuta wa kuendeshea vituo, kinaleta matumizi ya kila siku au jumla ya mwezi? Dada yetu wa Geita bado yuko kwenye timu ya mafunzo? Naomba umwonyeshe ile habari ya tarehe mbili, yeye ndiye anayejua kama watajaza. Na lile gari la Mzee Pascal liliuzwa?

Nijibu hata kwa sauti, nitasikiliza njiani. Nisalimie shemeji.

Wako,
Kulwa