Refa wa netiboli asiwe kocha mechi ikiwa inaendelea

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee hili la marefa wa netiboli kwenye mechi za shule za msingi huku kwetu Tabora, maana kila msimu wa UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, ukifika malalamiko ni yaleyale.

Mechi inaendelea, refa ana filimbi mkononi, halafu unamsikia anamwambia mtoto "mpe yule wa kushoto yuko peke yake", mara "usirushe kwanza, tulia", mara "we GD hamia kwa huyu" (GD ni mlinzi wa goli). Wengi wanaofanya hivyo ni walimu wenye roho nzuri kabisa, wanaona katoto kamepaniki wanakaonea huruma, na sisi wazazi pembeni tunapiga makofi. Mimi nasema hapana, hata kama ni watoto wa darasa la 5 hiyo sio kazi ya refa, na kanuni za netiboli zenyewe zimekataza mwamuzi kufundisha timu wakati mechi inaendelea.

Kazi yake ni kupuliza, kutaja kosa, kutaja adhabu na kuonyesha kwa mkono. Na hapa ndo watu wengi wanapochanganya, wanadhani refa akikatazwa kufundisha basi awe bubu. Sio hivyo. Mtoto kamkaba mwenzie chini ya futi 3, kapigiwa filimbi, kaambiwa asimame pembeni ya mwenye mpira mpaka mpira utoke, hajui kakosa nini anakodoa macho tu. Refa akimwambia "ulikuwa karibu mno, futi 3", hapo kamweleza kosa lake, ni haki yake kulijua na timu nyingine nao wanasikia. Lakini akiongeza "sasa rudi nyuma hatua moja, nyoosha mikono, hapo utamzuia", ameshavuka mpaka, kwa sababu huyu GD kapewa mbinu ya kumzuia GS, yaani mfungaji, na yule GS hajapewa mbinu ya kumpita GD. Halafu dakika inayofuata huyo GD akikosea tena kwa kufuata alichoambiwa, refa atampigiaje filimbi?

Kingine, marefa wako wawili tu na kila mmoja ana nusu yake ya uwanja. Mchezaji mwenye mpira ana sekunde 3 za kuutoa. Refa akiwa anamuelekeza mtu, hizo sekunde anazihesabu nani, na miguu ya mwenye mpira anaiangalia nani?

Ila kinachoniuma zaidi ni uchaguzi wa timu. Mechi za kata ndo zinatoa timu ya kata, kisha wilaya, kisha mkoa, na waliokuja kuchagua wamekaa pale wanaandika majina. Binti anayeambiwa kila hatua na refa anaonekana anajua kujipanga, anachaguliwa, na yule aliyejifunza mwenyewe kusoma mchezo kwa mazoezi ya kila jioni anabaki. Huyo aliyechaguliwa akifika ngazi ya juu anakutana na marefa wasioongea, anapotea uwanjani, watu wanasema kaogopa. Mashindano ya taifa yalipoletwa hapa Tabora 2022 tuliona wenyewe kiwango cha watoto wa mikoa mingine, pale hakuna wa kukunong'oneza.

Najua nitajibiwa kuwa kuna shule huko ndani Uyui au Sikonge hazina mwalimu wa michezo, mpira ni mmoja tena umechoka, sasa wale watoto wasipoelekezwa na refa wataelekezwa na nani. Hoja hiyo naiheshimu. Basi zichezwe mechi za kirafiki, walimu wa pande zote wakubaliane, refa asimamishe mchezo aeleze mpaka watosheke, wote wasikie. Na hata siku ya mechi yenyewe, wakati wa kukagua kucha na hereni kabla haijaanza, azikusanye timu zote mbili pamoja awakumbushe futi 3, sekunde 3 na kutotembea na mpira. Dakika chache tu. Mtoto akiumia au akicheza rafu ya hatari, hapo aongee hata mechi ikiwa katikati, hilo halina mjadala.

Na jamani huku kwetu refa mara nyingi ni mwalimu wa shule jirani, kesho kutwa timu yake ndo inacheza na mshindi wa leo, kwa hiyo hata akishauri kwa nia safi watu watasema tu kambeba fulani.

Ombi langu kwa wanaoandaa semina za marefa wa mkoa ni kwamba hili lifundishwe kwa vitendo, refa azoeshwe kutaja kosa kwa maneno mawili matatu akaishia hapo. Na sisi wazazi tuache kupiga kelele "refa si umuelekeze huyo mtoto!", maana sisi ndo tunawasukuma.

Mzazi na mchezaji wa zamani wa netiboli,
Ipuli, Tabora