Miaka 12 ofisini kwa wakili, bado mimi ni "karani tu"

Shangazi, shikamoo.

Saa tisa usiku hii, nisamehe maneno yakirukaruka. Nyaraka nilizipakia kwenye mfumo wa mahakama saa nne, kumbukumbu namba ya malipo haijatoka mpaka sasa. Ukipakia kabla ya saa sita usiku unahesabiwa siku hiyo, lakini ada ikichelewa upande wa pili hawakosi la kusema. Barua kwa msajili wa mahakama nimeshaiandaa, maana mfumo ukigoma lazima apate taarifa kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Bosi amelala.

Jumatano mteja aliomba nimweleze mimi shauri lake lilipofikia. Bosi akamjibu mbele yangu: "Huyu ni karani tu."

Sikukasirika. Ni kweli si wakili, na sijawahi kujifanya. Sheria inamkataza asiye wakili kuandaa hati za mahakama kwa malipo, na vishoka siwapendi. Ila nauliza, nani anahesabu siku? Utetezi wa maandishi ni siku 21 tangu wito upokelewe, ndiyo maana wito wowote ukigusa meza yangu naandika tarehe kwa kalamu nyekundu kabla sijausoma. Notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30, na mjibu rufaa apewe nakala ndani ya siku 14. Barua ya kuomba mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosikilizwa, iingie ndani ya siku hizo hizo 30 tangu hukumu, na nakala yake nayo imfikie mjibu rufaa. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Usipompa ile nakala, cheti cha msajili cha kuondoa siku za kusubiri mwenendo hakikuokoi, na zile siku 60 za kuleta rufaa zinakuwa zimekwisha. Hati za viapo ndiyo usiseme. Mawakili vijana wanasahihisha aya, mimi naanza na ukurasa wa mwisho, pale kwa kamishna wa viapo, kama mahali na tarehe vimeandikwa. Visipokuwepo, linakuja pingamizi la awali na kiapo kizuri chote kinaweza kutupwa.

Vikienda sawa, chini panasomeka "Imeandaliwa na" na jina la bosi. Vikiharibika ni karani. Karani tu.

Siumwi, usidhani. Ila usingizi umeniacha tangu mwaka jana, na nikiona tarehe kwenye pakiti ya maziwa najikuta nahesabu 21. Kurasa za rufaa nazipiga namba, nazirudia, nazirudia tena kwa sababu siiamini tena mikono yangu. Nimejaza Fomu Na. 1 za CMA, ile tume ya migogoro ya kazi, za madereva na wahudumu wa hoteli, nikiwaambia saa 45 kwa wiki, zinazozidi zilipwe mara moja na nusu, likizo siku 28. Mimi mwaka huu likizo sijaiona. Mfinyanzi hulia gaeni.

Usiniambie nisome. Nina cheti cha sheria. Stashahada miaka miwili, shahada, halafu Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, haipungui miaka sita, na mimi nina 43. Sheria sitaki hata kuisikia. Nimefikiria kazi za BRELA, wakala wa usajili wa kampuni: ritani (taarifa) za mwaka na taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu wanaonufaika hasa na kampuni. Kampuni ndogo nyingi zinazisahau mpaka faini zinarundikana. Nikipata wateja kumi wa kudumu ninakula. Kampuni za mikopo nazo zinatafuta watu wa uzingatiaji wa sheria, ila tangazo linaanza na shahada. Fomu ya chuo cha mahakama cha Lushoto nimeijaza nusu, iko hapa. Sijui kwa nini.

Nikiacha mwenyewe nampa bosi notisi ya siku 28 na kiinua mgongo sina. Akinipunguza yeye, ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka, mwisho miaka kumi, yaani siku 70. Sisemi ni hela. Nataka tu aseme mbele ya yule mteja kwamba nilikuwa na maana. Mwenzangu ananishauri niache kwa madai kwamba mwajiri amefanya kazi isivumilike, niende CMA ndani ya siku 30. Kwa neno moja tu la "karani"? Ningekuwa nampokea mtu mwenye shauri hilo ningemwambia ushahidi hautoshi.

Kuna faili, siku yake ya 21 ni Ijumaa. Hakuna anayeijua isipokuwa mimi. Nikinyamaza, Jumatatu watajua karani ni nani. Najua akinifukuza kwa kosa, hata hizo siku 70 hazipo, na mteja wa faili hilo hana hatia, ni mama mwenye kiwanja kimoja. Sitafanya. Lakini nimelifikiria, Shangazi, siku tatu sasa, na ndilo hasa nililotaka kukuuliza: mtu akishafika kulifikiria hilo, bado anafaa kukaa kwenye meza ile?

Kumbukumbu namba imetoka. Ngoja nilipe.

Karani, Dar es Salaam