YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAMA YANGU MLIYEMWACHA CHINI YA MWEMBE, NJIA YA TENDAGURU

Chikongola, Mtwara

Ndugu Meneja,

Habari za kazi. Siku tisa zimepita na hasira yangu haijapoa, lakini nitajitahidi kutumia lugha ya heshima, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa na huyo huyo mama ambaye kijana wenu alimdharau mbele ya wajukuu zake.

Nazungumzia safari yenu ya siku moja ya Jumamosi, Mikindani, Lindi na Tendaguru, tiketi nne, shilingi 85,000 kila moja, zililipwa zote kwa simu siku kumi kabla. Masharti yenu mnayajua, na kile kipengele cha abiria wazee mnakijua kuliko mimi, kwa hiyo sitayarudia hapa. Nitasema tu kwamba nilipiga simu ofisini mara mbili kuuliza habari ya miguu ya mama. Nilijibiwa kwamba gari linafika karibu kabisa na kilima na kwamba mama hatatembea zaidi ya dakika kumi. Kwa neno hilo nikalipa.

Basi kilichotokea ni hiki. Tuliacha lami, tukaenda na barabara ya vumbi mpaka Coaster ikashindwa kupita kwenye korongo. Kijana wenu akapata Land Cruiser ya kukodi, akasema itabeba watu kwa awamu mbili. Mama alishasimama mlangoni, fimbo mkononi. Kijana akamnyooshea kidole, bila shikamoo, bila hata kumwita mama, akamwambia: "Wewe bibi baki hapo. Kule hakuna kitu, ni majani tu. Utatupotezea muda." Kisha akapakia kreti za soda na rafiki yake ambaye wote tuliona hakuwa na tiketi, wakaondoka na wanangu wawili ndani. Awamu ya pili haikuja.

Mama yangu ana miaka 83. Alikaa chini ya mwembe saa mbili na nusu.

Naomba muelewe kwa nini alitaka kufika, maana ofisini kwenu mtu aliniambia kwa simu, "Mama, kwani bibi alikuwa anatafuta nini huko?" Baba yake mama, babu yangu, alikuwa mpagazi wa Tendaguru. Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, wale mijusi wakubwa wa kale, kuanzia 1909 hadi 1913, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilitoka porini hadi bandari ya Lindi juu ya vichwa na mabega ya watu. Hapakuwa na gari. Mfupa mdogo ulikaa kichwani juu ya ngata, mkubwa ukafungwa kwenye mti wakaubeba watu wawili au zaidi, siku kadhaa njiani. Babu alikuwa bado kijana hana hata ndevu. Mpaka anakufa alikuwa na upara wa duara utosini, na mama alipokuwa mtoto alikuwa akiugusa na kuuliza, naye akimjibu, "Hapo alikalia mjusi." Mjusi mwenyewe leo amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13, watu wa dunia nzima wanalipa kiingilio kumwangalia. Mama hajawahi kufika Ujerumani na hatafika. Alitaka kuona alipotolewa tu. Tangazo lenu mlilibandika pale stendi, lina picha ya huyo mjusi na maneno "Tembea walikotembea mababu". Nimelisoma mimi kwa mama kwa sauti. Hayo maneno ni yenu.

Asubuhi ile mama aliamka saa 9 usiku. Alivaa kanga jozi mpya aliyoitunza tangu Idi. Mlisema saa 11 alfajiri, gari likaja saa 2 na dakika 20, na hakuna aliyeomba radhi. Pale Mikindani, ambako kuna Boma la Wajerumani la 1895 na mji ambao Livingstone aliupitia mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho, tulipewa dakika kumi na tano, nazo kijana wenu alizimaliza kwenye chai na chapati ng'ambo ya barabara. Watoto walimuuliza nani alijenga Boma, akasema Wareno. Mama ndiye aliyewasahihisha, kwa upole, bila kumwaibisha. Mtu aliyestiriwa aibu yake asubuhi ndiye aliyekuja kumwaibisha mama mchana. Chakula cha Lindi mlichotangaza kuwa ni wali wa nazi na samaki kilikuwa chipsi za baridi. Hayo ya chakula nayasamehe.

La pale korongoni siwezi kulisamehe, na nalirudia kwa sababu mara ya kwanza sikusema yote, hata mkono wangu uliona aibu kuandika.

Kijana aliponyoosha kidole, gari zima lilinyamaza. Mama hakukasirika. Alidhani hajaeleweka. Akamwambia, "Mwanangu, mimi nimekuja kwa ajili ya hicho kilima. Hapa nimefika, nisaidie tu nipande." Kijana akasema, "Bibi, kule hakuna kitu, mifupa yenyewe Wazungu walishaibeba zamani." Mama akamjibu, "Hawakubeba wao. Aliyebeba ni baba yangu." Na yule kijana akacheka. Akacheka, Ndugu Meneja, akamgeukia rafiki yake ili naye acheke, akafunga mlango wa Land Cruiser. Mjukuu mdogo ana miaka tisa, alikuwa ndani ya gari akimwangalia bibi yake kwenye kioo. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Mama alibaki amesimama na fimbo yake mpaka vumbi likatua. Mwenye nyumba ya jirani, mama mmoja ambaye hana mkataba wowote na ninyi, alitoka na mkeka, akatuletea maji ya mtungi na mihogo ya kuchemsha, akampa mama shikamoo yake kwa kupiga goti. Walizungumza Kimwera muda mrefu. Yule mama akatuonyesha kwa kidole upande kilipo kilima, na mama akageuza mkeka akakaa akielekea huko. Hayo ndiyo aliyoyaona kwa shilingi 85,000.

Gari liliporudi, niliuliza awamu ya pili. Jibu: "Muda umekwisha." Muda uliokwisha ni ule mlioupoteza Mtwara kuanzia alfajiri. Wanangu wanasema kule kwenyewe walikaa dakika zisizozidi ishirini, hakuna aliyewaeleza lolote, rafiki wa kijana akipiga picha zake. Kwa hiyo nafasi ilikuwepo, muda ulikuwepo. Na njiani kurudi, kutoka Lindi mpaka Mnazi Mmoja na kutoka hapo mpaka Mtwara, mama hakusema neno. Tulipofika nyumbani saa 5 usiku alivua kanga, akaikunja, akaniambia, "Usiwagombeze, ni watoto." Hii barua naandika bila ruhusa yake.

Nilikuwa nimekusudia kudai nauli ya mama tu. Lakini mlipopigiwa simu mkasema hali ya barabara iko nje ya uwezo wenu, kana kwamba barabara ndiyo iliyocheka. Kwa hiyo sasa nadai nauli zote nne, shilingi 340,000. Nadai pia kijana huyo aje nyumbani kwangu pamoja na mtu mzima kutoka ofisini kwenu, aketi chini, amwombe mama radhi kwa kinywa chake, na watoto wawepo wasikie. Na nadai mama apelekwe Tendaguru kabla mvua hazijaanza, kwa gari linalofika, kwa gharama zenu, na mtu anayeijua historia ya wapagazi.

Nawapa siku kumi na nne tangu mpokee barua hii. Zikipita, barua kama hii itakwenda kwa wanaotoa leseni za utalii, na nyingine kwa Afisa Utamaduni wa mkoa, na madai ya fedha nitayapeleka Mahakama ya Mwanzo. Abiria sita wa safari ile wameniachia namba zao na wako tayari kusema walichokiona. Lile tangazo la stendi nimelipiga picha. Liondoeni, au mlitimize.

Mama ana miaka 83. Msinijibu kwamba mnalishughulikia.

Wenu,
Binti wa bibi wa kiti namba 3

Nakala: imeshaandikwa, inasubiri siku ya kumi na tano.