Mwanangu, uliza wati kabla ya kuuliza jina la kadi

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma kwa makini orodha ya kompyuta mpakato tatu uliyonitumia kutoka Dodoma, na nimeona kuwa zote umezipanga kwa kufuata jina la kadi ya michoro, ile ambayo wauzaji huiita GPU, kana kwamba jina hilo peke yake linatosha kuamua. Mimi ambaye kazi yangu ni kufungua kompyuta za watu naomba uanzie kwenye joto. Kompyuta ya gemu huzalisha moto mwingi ndani ya bati jembamba, na ikishindwa kuutoa, hata ungeilipia kadi ya bei gani, itajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue.

Chukua RTX 4060 uliyoiweka namba moja. NVIDIA, kampuni inayotengeneza kadi hizo, huwaruhusu watengenezaji wa kompyuta kuiwekea kadi hiyo ya kompyuta mpakato kiwango cha umeme cha kuanzia wati 35 hadi wati 115, na kompyuta zote hizo huuzwa kwa jina lilelile. Kwa hiyo kompyuta nyembamba iliyoipa RTX 4060 wati 45 inaweza kuzidiwa na RTX 4050 iliyopewa wati 100 pamoja na feni mbili za maana, ingawa muuzaji atakuapia kuwa ile ya kwanza ndiyo kubwa. Ni kama lori lenye injini kubwa na rejeta ndogo linapopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto. Kiwango hicho cha umeme huandikwa TGP kwenye maelezo ya mtengenezaji. Kisipoandikwa popote, mwombe muuzaji afungue NVIDIA Control Panel na akuoneshe taarifa za mfumo.

Ukiwa dukani, usiridhike kuona gemu likifunguka. Omba lichezwe kwa nusu saa mfululizo, kisha uangalie kama mwendo wa picha wa mwishoni unalingana na ule wa mwanzoni, kwa sababu prosesa (ubongo wa kompyuta) nyingi za aina hii huanza kujizuia zikikaribia nyuzi 95 au 100 za Selsiasi, na dakika tano za mwanzo hazioneshi chochote. Geuza pia kompyuta uone kama kifuniko cha chini kinafunguliwa kwa skrubu za kawaida. Vumbi la Dodoma unalijua, na feni isiyofikika kwa urahisi haisafishwi mpaka siku inapokwama. Wateja wengi wanaoniletea kompyuta "iliyopungua nguvu" huwa kompyuta zao hazina ubovu wowote zaidi ya vumbi lililoziba njia ya hewa na pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa. Na tafadhali, usiitumie juu ya godoro.

Kuhusu matumizi ya kila siku, hesabu ya betri itakusaidia kuliko maneno ya tangazo. Betri ya wati-saa 60 ikiendesha gemu linalokula wati 100 ingemaliza chaji kwa dakika 36, na kwa kawaida kompyuta ikitoka kwenye umeme huibana kadi ili ijiokoe, hivyo gemu bila chaja si jambo la kulitegemea. Betri hiyohiyo, ukiwa unaandika ripoti kwa wati 10, inakupa saa sita, lakini kwa sharti kwamba kadi kubwa ilale na picha zishughulikiwe na ile ndogo iliyo ndani ya prosesa. Ndiyo maana napenda kompyuta inayoweza kubadilishana kadi hizo mbili yenyewe. Napenda pia inayokubali kuchajiwa kwa tundu la USB-C, maana chaja ya gemu ni tofali zito, na wewe unatembea mbali kati ya bweni na madarasa. Siku usiyocheza, chaja ndogo itakutosha.

RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue gigabaiti 16, na hapa sababu kubwa ni masomo yako kuliko gemu. Ukifungua Android Studio, programu ya kutengenezea programu za simu, pamoja na simu yake ya kuigiza na kurasa kadhaa za intaneti, gigabaiti 8 zimekwisha. Ziwe vipande viwili vya 8, kwa kuwa viwili hufanya kazi sambamba na kadi ndogo hunufaika sana navyo. Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, yenye nafasi ya kuongeza nyingine, kwa sababu gemu la mpira la EA Sports FC peke yake hudai takriban gigabaiti 100. Kioo cha 144 Hz, yaani kinachobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, ni kizuri, lakini utakisoma kwa saa nyingi kuliko utakavyokichezea, kwa hiyo nipe kioo chenye mwanga wa kutosha na rangi sahihi kabla ya kasi.

Ile ya tatu, iliyotumika, yenye prosesa ya i7-7700HQ na kadi ya GTX 1060, iondoe kwenye orodha hata kama bei yake inavutia. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa hiyo ya kizazi cha 7 haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Gemu la Valorant unalolipenda nalo, likiwa kwenye Windows 11, hudai vipengele vya usalama vya TPM 2.0 na Secure Boot. Sina ugomvi na kompyuta zilizotumika. Nimeuza nyingi nzuri. Hii imezeeka tu.

Na kuhusu ucheleweshaji unaolalamikia ukicheza na watu wa Ulaya, usiutafutie dawa kwenye kompyuta. Mwanga ndani ya nyaya husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, na njia ya kilomita 10,000 kwenda na nyingine 10,000 kurudi hula milisekunde 100 kabla mashine yoyote haijafanya lolote. Fedha ya kadi kubwa zaidi haitakurudishia hizo.

Ukiniuliza mimi, ningechukua ile ya pili, RTX 4050, mradi TGP yake ifike angalau wati 80. Kabla hujalipa, nitumie picha ya lebo ya chini. Iwapo ni iliyotumika, fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, kisha unitumie ripoti itakayotoka, nilinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uliobaki sasa. Baba yako amekwisha kukubali, na fedha iko tayari. Nitaituma siku hiyohiyo nitakapoiona ripoti.

Ni mimi,
Mama yako