Picha ya Jumamosi: mchungaji aliyelala

Ndugu zangu, habari za leo. Jumamosi saa mbili usiku tutaitazama picha ya mchoraji Mwingereza Samuel Palmer ya mwaka 1857. Mchungaji wa kondoo amelala mlangoni, huku nje kumepambazuka na mkulima yuko tayari kilimani na ng'ombe wake wa plau.

Tafadhali ikuzeni kwenye simu kabla ya kuja. Palmer alipaka nta juu ya bamba la shaba, akachora kwa sindano, kisha asidi ikala shaba palipokwaruzwa, na wino ukakaa humo hadi bamba lilipogandamizwa kwenye karatasi. Kwa hiyo mwanga wote wa alfajiri ile ni karatasi tupu iliyoachwa katikati ya mistari! Hapo ndipo ninapozama kila nikiitazama.

Anayependa kuanzisha mazungumzo aniandikie kabla ya Ijumaa.